Nauli na Mlezi: Historia ya Kuandaa Wasomi wa Uzamivu Afrika Mashariki

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungua milango tarehe 25 Oktoba 1961, wiki sita kabla ya uhuru wa Tanganyika. Kilianzia katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiofika ishirini. Walimu wake karibu wote walikuwa wageni. Kilipojitenga na Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1970 na kuwa chuo cha taifa, tayari baadhi ya idara zake zilikuwa na walimu wazalendo wenye shahada ya uzamivu, na mwaka 1973 tasnifu ya uzamivu kuhusu Vita vya Maji Maji ilitunukiwa hapo hapo Mlimani, kampasi ya chuo hicho, mwandishi wake akiwa Mtanzania. Miaka kumi na miwili ni muda mfupi mno kutoka kwenye darasa la sheria la mjini hadi kwenye tasnifu ya namna ile. Watu wanapoulizwa iliwezekanaje, wengi hutaja ufadhili: dunia ya miaka ya 1960 ilikuwa na mikono wazi, Marekani na Urusi zilishindana kusomesha vijana wa Kiafrika, na aliyekuwa na akili alipata tiketi ya ndege. Hayo ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Naamini ufadhili ulikuwa nauli tu. Kilichomgeuza mwanafunzi hodari kuwa msomi kilikuwa mambo mengine yaliyokwenda pamoja: swali la utafiti aliloanza kulishika akiwa bado mwanafunzi wa shahada ya kwanza, mlezi aliyemfuatilia kwa miaka, na kiti kilichomsubiri nyumbani. Palipokosekana hayo, fedha hazikuzaa wasomi, na palipokuwa nayo, hata fedha kidogo zilifika mbali kuliko ilivyotarajiwa.

Wakoloni hawakuwa na haja ya kuandaa watu wa uzamivu. Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, ikifundisha useremala na kazi nyingine za mikono, ikapanda polepole kufunza walimu na waganga wasaidizi. Tume ya De La Warr ya mwaka 1937 ndiyo iliyopendekeza iwe chuo cha elimu ya juu kwa Afrika Mashariki nzima, na baada ya Tume ya Asquith, iliyotoa taarifa yake mwaka 1945, Makerere ikaingia katika uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London. Mitaala ilipitishwa London na shahada ilikuwa ya London. Mpango huo ulikuwa na faida yake, kwani hakuna aliyeweza kudai kwamba Mwafrika amepewa shahada hafifu. Lakini ngazi iliishia hapo. Aliyetaka kupanda zaidi ilimpasa kuvuka bahari, na hakuna aliyekuwa na wajibu wa kumwandaa kwa safari hiyo. Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba utafiti wenyewe ulikuwa ukifanyika papo hapo Makerere. Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki ilianzishwa mwaka 1948, na Audrey Richards, mwanaanthropolojia mwenye sifa kubwa, akaiongoza kuanzia mwaka 1950. Watafiti walikuja, wakasambaa vijijini, wakarudi kuandika vitabu ambavyo bado vinasomwa. Waafrika walikuwamo, lakini wengi wao kama wakalimani na wasaidizi wa kukusanya habari. Walijua lugha, walijua watu, walijua nani aulizwe nini. Maswali, hata hivyo, yalikuwa ya wengine, na kitabu kilipotoka, jina la mwandishi lilikuwa la mwingine. Kuishi jirani na utafiti, basi, hakukutosha kumfanya mtu mtafiti.

Kisha mlango ulifunguka kwa kishindo. Mwaka 1959 mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya alifanikisha safari ya kwanza ya ndege iliyowapeleka wanafunzi 81 Marekani, na mwaka uliofuata wakfu wa familia ya Kennedy ukachangia dola 100,000 ili wengine wafuate. Hadi mwaka 1963 mpango huo ulikuwa umewapeleka vijana wapatao mia nane. Mwaka huo huo wa 1959 nchi za Jumuiya ya Madola zilikubaliana mpango wao wa ufadhili wa masomo, na mwaka 1960 Moscow ikafungua chuo kikuu ambacho baadaye kilipewa jina la Patrice Lumumba. Mmoja wa waliopanda ndege mwaka 1960 alikuwa Wangari Muta, tunayemjua kwa jina la Wangari Maathai. Alisoma biolojia katika chuo kidogo cha watawa huko Kansas, akachukua uzamili Pittsburgh, akarejea Kenya mwanzoni mwa 1966 akiwa na barua ya kumwita kazini katika idara ya zuolojia ya Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi. Alipofika aliambiwa nafasi ile amepewa mtu mwingine. Katika kumbukumbu zake ameeleza bila kificho kwamba aliona nyuma ya jambo lile ubaguzi wa kabila na wa jinsia. Fikiria hasara iliyokuwa karibu kutokea. Fedha zilikuwa zimetumika kwa zaidi ya miaka mitano, elimu ilikuwa imepatikana, na bado ukosefu wa kiti kimoja ungetosha kuzima yote. Aliyeiokoa hali ile ni Reinhold Hofmann, profesa kutoka Giessen aliyekuwa akijenga idara ya anatomia ya mifugo papo hapo Nairobi. Alimwajiri kama msaidizi, akamfundisha mbinu za maabara, akamhimiza aendelee na uzamivu, na mwaka 1967 njia ikafunguka ya kwenda Ujerumani kufanya utafiti Giessen na Munich. Alirudi mwaka 1969, akawa mhadhiri msaidizi, na mwaka 1971 akatunukiwa uzamivu Nairobi, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kufikia daraja hilo. Ufadhili wa kwenda Marekani ulimfikisha mlangoni, na aliyemwingiza ndani ni mlezi mwenye idara na nafasi ya kazi mkononi.

Ukitazama kizazi kilichopata uzamivu katikati ya miaka ya 1960, utaona ramani ya vyuo vya mbali: John Mbiti Cambridge mwaka 1963, Bethwell Ogot London mwaka 1965, Ali Mazrui Oxford mwaka 1966, Isaria Kimambo Northwestern na Arnold Temu Alberta, wote wawili mwaka 1967. Ramani hiyo inaweza kumdanganya msomaji akadhani kazi yote ilifanyika ughaibuni. Ogot aliandika juu ya Wajaluo wa kusini, Kimambo juu ya Wapare, na data zao zilitoka vinywani mwa wazee wa kwao, wakati ambapo wanazuoni wengi wa Ulaya walikuwa bado na shaka kama masimulizi ya mdomo yanaweza kuitwa ushahidi wa historia. Wasimamizi wao wa ughaibuni waliwapa nidhamu ya kazi na cheti kinachotambulika, ila uzito wa hoja ulitoka nyumbani. Na nyumbani palikuwa na utaratibu uliowasubiri. Wakfu wa Rockefeller, uliokuwa ukisaidia ujenzi wa vyuo vikuu katika nchi chache zilizochaguliwa duniani, Afrika Mashariki ikiwamo, uligharimia nafasi maalumu za uhadhiri. Tatizo lililokuwapo lilikuwa la kawaida kabisa: idara ilikuwa na mgeni mwenye mkataba wa miaka kadhaa, na kijana mzalendo anarudi na shahada yake kabla mkataba ule haujaisha. Bila nafasi angekwenda wizarani, na wizara za siku zile zilikuwa na njaa ya wasomi. Nafasi maalumu ilimwezesha kuingia idarani mara moja, akafundisha kidogo, akamaliza kuandika, na mgeni alipoondoka yeye akawa tayari kushika darasa. Ni jambo la kiutawala, lisilopata kutajwa katika hotuba za mahafali. Mimi naliona kuwa na uzito sawa na tiketi za ndege zote za Mboya.

Mfano ulio bora kuliko yote, kwa maoni yangu, ni idara ya historia ya Dar es Salaam. Terence Ranger aliifikia mwaka 1963 baada ya kufukuzwa Rhodesia ya Kusini, akaiongoza hadi 1969. John Iliffe aliungana naye mwaka 1965. Kazi waliyoianzisha kuhusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 ina mafundisho mengi kwa yeyote anayefikiria namna ya kumwandaa mwanafunzi. Nyaraka za Kijerumani zilieleza vita ile kwa jicho la mtawala: imani za kishirikina, maji ya mganga, wakulima waliopotoshwa. Waliopigana walikuwa wamezeeka, na kila mwaka walikuwa wakipungua. Mradi wa utafiti uliofikia kilele chake mwaka 1968 uliwatuma wanafunzi wa shahada ya kwanza, wengi wakienda maeneo waliyotoka, kuwahoji wazee na kuandika walichosikia. Taarifa zao zilikusanywa na kuwekwa pamoja, na hadi leo hakuna mtu anayeandika kwa makini juu ya Maji Maji bila kuzipitia. Wale walikuwa wanafunzi wa kawaida, hawakuwa wa uzamivu wala wa uzamili. Walipewa swali ambalo jibu lake halikuwamo katika kitabu chochote, walifundishwa namna ya kuuliza na namna ya kushuku jibu, na waliporudi kazi yao ilisomwa kwa uzito wa kazi ya mtafiti. Mwanafunzi aliyepitia hayo hahitaji tena kuelezwa utafiti ni nini. Amekwisha kuufanya.

Katikati ya kazi hiyo alikuwapo Gilbert Gwassa. Aliwahoji wazee wa kusini kwa miaka, akahariri pamoja na Iliffe kijitabu cha kumbukumbu za vita ile mwishoni mwa miaka ya 1960, na tasnifu yake kuhusu kuzuka na kuenea kwa Maji Maji ndiyo ile iliyokamilika Dar es Salaam mwaka 1973. Mlolongo wake una mantiki ya wazi: swali la idara nzima, wanafunzi wengi wakilichimba kila mmoja kwa upande wake, na mmoja wao akilibeba hadi mwisho kwa usimamizi wa watu waliokuwa jengo moja naye. Hakulazimika kuanza uzamivu kwa kutafuta mada, kama wanavyofanya wengi sasa, wanaoandika pendekezo la utafiti kwa kukisia nini kitampendeza mfadhili. Mada ilikuwa imemlea. Mwaka 1969 Kimambo na Temu walihariri kitabu cha historia ya Tanzania kilichotumiwa na vizazi vya wanafunzi, na waandishi wake walikuwa watu wa idara hiyo hiyo. Idara iliandika, ikafundisha kilichoandikwa, na kutokana na waliofundishwa ikapata waandishi wapya.

Hapa msomaji makini atanikatiza. Je, hao walezi hawakuwa wageni? Je, malezi ya Mwingereza kwa kijana wa Kitanzania si njia nyingine ya kumfanya mwangwi wa mwalimu wake? Swali hili ni la haki, na wapo waliolijibu kwa ukali. Historia ya kizalendo iliyoandikwa Dar es Salaam miaka ya 1960 ilikuwa na upungufu: ilitafuta mno mashujaa na harakati za kudai uhuru, ikawasahau wakulima, wafanyakazi na nguvu za uchumi wa dunia. Lakini tuangalie ni nani waliosema hivyo kwa sauti kubwa. Mwaka 1981 Temu, mmoja wa wahariri wa kile kitabu cha 1969, alitoa pamoja na Bonaventure Swai kitabu kizima cha kuihakiki historia ya aina ile na walimu walioijenga. Walter Rodney, aliyekuja Mlimani akiwa na uzamivu wa London wa mwaka 1966, alikuwa amekwisha kuwasha mjadala huo katika semina na mihadhara. Malezi yanayozaa mwangwi hayazai kitabu kama cha Temu na Swai. Ili umpinge mwalimu wako kwa hoja, lazima awe amekuruhusu kuzishika zana zake zote, na lazima uwe mahali ambapo kumpinga hakukugharimu ajira. Kwa hiyo nasema walezi wale walikuwa na mipaka yao, ya kizazi chao na ya asili yao, lakini kipimo cha malezi ni uwezo wa aliyelelewa kusimama peke yake, na kwa kipimo hicho walifaulu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mtu atasema: unadharau fedha kwa sababu unazungumzia miaka ambayo zilikuwapo. Zilipokwisha, malezi nayo yalikwisha. Tukiangalia miaka ya 1970 na 1980, anayesema hivyo ana ushahidi. Uganda, hata hivyo, haikuvunjwa na uhaba wa fedha pekee. Makamu Mkuu wa Makerere, Frank Kalimuzo, alichukuliwa na watu wa Idi Amin mwaka 1972 na hakuonekana tena. Mwaka huo huo Waasia walifukuzwa, akiwamo kijana Mahmood Mamdani, na mwaka 1973 Mazrui akaondoka kwenda Marekani. Kenya nayo, baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, chuo kikuu kilifungwa kwa zaidi ya mwaka, na wahadhiri kadhaa walikuwa kizuizini au uhamishoni. Idara inapompoteza mwalimu mkuu wa aina hiyo, inapoteza pia wanafunzi watano au sita waliokuwa wakipitia mkononi mwake, na hao hawahesabiki kwa sababu hawakupata kuwa wasomi. Tanzania ndiyo mfano wa kweli wa umaskini. Mshahara wa mhadhiri katika miaka ya 1980 haukutosha kumfikisha mwisho wa mwezi, miradi ya kuku na ng'ombe ikawa sehemu ya maisha ya Mlimani, na wengi wakaenda kufundisha Botswana, Lesotho na Swaziland. Sikatai kwamba njaa ya mwalimu humwibia mwanafunzi saa zake.

Lakini tazama kilichoendelea wakati wa njaa hiyo hiyo. Penina Muhando Mlama alikamilisha uzamivu Dar es Salaam mwaka 1983 kwa utafiti juu ya sanaa za maonyesho za jadi, akiwaangalia Wakaguru. Mugyabuso Mulokozi alikamilisha wake hapo hapo mwaka 1986, kuhusu tendi za enanga za Wahaya. David Massamba alipata wake Indiana mwaka 1982 akarudi, na Euphrase Kezilahabi, aliyekuwa tayari ametikisa fasihi yetu kwa riwaya zake, alipata wake Wisconsin mwaka 1985. Kwa nini eneo la Kiswahili na sanaa lilizidi kuzaa wakati ambapo kila kitu kingine kilikuwa kikinyauka? Jibu langu ni kwamba lilikuwa na kazi ya pamoja isiyosimama. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyorithi kamati ya lugha ya mwaka 1930, ilikuwa ikitunga kamusi, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981. Idara ya sanaa za maonyesho ilikuwa vijijini na mitaani ikifanya michezo na watu. Kijana aliyeingia humo alikuta maswali yakimngoja, na wakubwa waliohitaji majibu yake kwa kazi zao wenyewe. Kwa hiyo uhaba wa fedha ulipunguza kasi na kuwafukuza wengi, lakini haukuwa sababu ya kutosha. Idara iliyokuwa na swali ilipenya. Idara iliyokuwa na ratiba ya masomo tu ilibaki kufundisha yale yale kutoka katika daftari zile zile.

Fedha zilizookoa miaka hiyo zilitoka kwa kiasi kikubwa nchi za Skandinavia. Sweden iliunda shirika lake la ushirikiano wa utafiti, SAREC, mwaka 1975, na kutokana nalo ukakomaa utaratibu ambao watu wa vyuo huuita sandwichi: mwanafunzi ni mwajiriwa wa chuo chake, anakwenda Uppsala au Stockholm kwa miezi kadhaa kutumia maabara na maktaba, anarudi kukusanya data na kufundisha, kisha anakwenda tena, akiwa na msimamizi huku na msimamizi kule. Sifa ya utaratibu huu ni kwamba kiti hakikuwa na shaka. Mwanafunzi hakuondoka kazini, hivyo wengi walirejea. Familia haikuvunjika, na utafiti ulibaki juu ya magonjwa, misitu na udongo wa hapa. Udhaifu wake ni kwamba msimamizi wa nyumbani mara nyingi alikuwa na jina kwenye karatasi tu. Maamuzi makubwa yalifanywa upande wenye maabara, na swali la utafiti lilitoka kwenye mradi uliokwisha kuandikwa Ulaya. Kwa maneno mengine, sandwichi ililinda kiti, ikatoa nauli, lakini swali ikaliacha mikononi mwa mwingine. Matokeo yake tunayaona kwa baadhi ya wasomi waliomaliza vizuri kabisa, kisha wakakaa miaka bila kuanzisha utafiti wao wenyewe, wakisubiri mradi mwingine uje na maswali yake. Tusiwalaumu watu hao kwa uvivu, maana hawakuwahi kulelewa kuuliza.

Waliojaribu kurekebisha kasoro hiyo walitambua kwamba mwalimu mmoja mmoja hatoshi tena, hasa pale ambapo profesa wa fani fulani nchini ni mmoja au wawili. Muungano wa utafiti wa uchumi wa Afrika, AERC, ulioanzishwa Nairobi mwaka 1988, ulianza kwa kuwakutanisha watafiti mara mbili kwa mwaka kusomeana na kukosoana kazi, na mwaka 2002 ukazindua uzamivu wa pamoja ambamo vyuo kadhaa, Dar es Salaam kikiwamo, huchangia walimu, na wanafunzi hukusanyika Nairobi kwa masomo ambayo chuo kimoja kisingeweza kuyafundisha. Katika afya ya jamii, muungano wa CARTA umefanya jambo linalofanana tangu 2008, ukiwakutanisha wanafunzi wa vyuo vya mashariki, magharibi na kusini mwa bara kwa semina za hatua kwa hatua. Na mwaka 2012 Mamdani, aliyekuwa amerudi kuiongoza taasisi ile ile ya utafiti wa jamii ya Makerere, alianzisha uzamivu wa miaka mitano wenye miaka miwili ya kusoma darasani kabla ya tasnifu. Hoja yake ilikuwa kwamba taasisi ilikuwa imegeuka karakana ya ushauri wa kulipwa, ikijibu maswali ya wafadhili, na kwamba mtafiti hapatikani bila kwanza kusoma kwa upana na kujifunza kutunga swali. Kulikuwa na migogoro mikali ndani ya mpango huo, na si kila aliyeanza alimaliza. Hata hivyo ni taasisi ile ile ambayo mwaka 1950 iliwaweka Waafrika nafasi ya wakalimani, na sasa inadai kwamba swali litungwe hapa.

Yupo pia atakayesema kwamba mfumo wa zamani wa kumbakiza chuoni mwanafunzi aliyeongoza darasa ulikuwa wa upendeleo. Mkuu wa idara alimtazama anayempenda, akampa ukufunzi msaidizi, akampeleka uzamili na uzamivu, na waliobaki hawakujua hata mlango ulipo. Wanawake waliachwa nje kwa wingi, na kisa cha Maathai kinaonyesha hata aliyekuwa na barua mkononi aliweza kuachwa. Nakubaliana na malalamiko haya. Nafasi za wakufunzi wasaidizi leo hutangazwa hadharani na waombaji hufanyiwa usaili, na hakuna sababu ya kurudi nyuma. Lakini tumefanya kosa la kuondoa malezi pamoja na upendeleo, kana kwamba ni kitu kimoja. Kumchagua wa kuajiriwa ni jambo la ushindani, na lazima liwe wazi. Kumlea anayeweza kuwa mtafiti ni jambo la kila mwanafunzi anayeonyesha dalili, awe ataajiriwa chuoni au la. Siku hizi kijana aliyemaliza na alama za juu huachwa peke yake na intaneti, akiwinda ufadhili wa China, Ujerumani, Uturuki, popote, akiandika barua kwa maprofesa asiowajua kuhusu mada aliyoichagua juzi. Wachache hupata, na huondoka bila swali na bila kiti. Tunawapongeza kwenye kurasa za mitandao, kisha hatuna habari zao.

Serikali kwa upande wao zimechukua njia ya kuamrisha. Kenya mwaka 2014 ilitoa kanuni za kutaka kila mhadhiri awe na uzamivu ndani ya miaka mitano, na muda huo ukaisha wengi wakiwa bado safarini. Mwaka 2019 chuo kimoja cha umma nchini humo kilipotunuku uzamivu 118 katika mahafali moja, mamlaka ya vyuo vikuu ililazimika kuchunguza. Tanzania, kupitia mradi wa elimu ya juu wa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioanza mwaka 2021, imetenga fedha za kusomesha wahadhiri. Ni fedha njema na zimekuja kwa wakati. Lakini amri inaweza kudai cheti, na mkopo unaweza kulipa ada, wakati profesa mmoja ana darasa la wanafunzi mia tano na orodha ya wanaosubiri asome sura zao. Saa za ulezi hazimo katika hesabu ya mzigo wake wa kazi. Akimsomea mwanafunzi wa mwaka wa pili insha yake mara tatu, hakuna fomu ya kupanda cheo inayoliona jambo hilo. Makala moja katika jarida la nje inampa alama, ilhali vijana watano aliowafundisha kuuliza hawampi kitu. Hapo ndipo ningeanza, kabla ya kuongeza hata shilingi moja kwenye fungu la ufadhili: ulezi wa wanafunzi wa shahada ya kwanza uhesabiwe kuwa kazi, uwe na saa zake, na uwe na uzito katika kupandisha vyeo.

Anayeona kwamba hilo ni ghali mno kwa vyuo vyenye maelfu ya wanafunzi ajiulize mradi wa Maji Maji uligharimu nini. Nauli za basi na gari moshi, posho ndogo, madaftari, na walimu wachache waliokuwa tayari kusoma kurasa nyingi za mwandiko wa mkono. Wanafunzi walikwenda makwao, ambako wangekwenda hata hivyo. Hawakuchaguliwa kwa kuahidiwa uzamivu, na walio wengi hawakuupata. Walikwenda kufundisha sekondari na kushika kazi za serikali, wakijua namna ya kumhoji mtu na kuupima ushahidi. Mmoja alifika hadi mwisho wa ngazi, na alifika akiwa amesimama juu ya kazi ya wenzake, ambayo imehifadhiwa na bado inasomwa. Wazee wa vita vya kijiji, wa bwawa lililofukiwa, wa ushirika uliokufa na wa kiwanda kilichofungwa wapo leo katika kila wilaya, na wanafunzi hurudi kwao kila likizo.